Kupiga chuma hadi mwisho wa uwezo: mimi nilikwama miezi minane

Mkuu, umeuliza kama kila siku ya tizi lazima upakie hadi mwisho wa uwezo, maana wenzako wanakwambia usipofika hapo hupati nguvu. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Nilianzia jimu ya uani, Temeke. Chuma chenyewe ni bomba la maji, huku na huku makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kila Jumamosi ilikuwa siku ya ubishi: benchi (unalala chali unasukuma chuma juu), mara moja tu, tuone nani mkali. Siku moja wenzangu wamekwenda kuangalia mpira, nikasema acha nijaribu peke yangu. Likashuka kifuani, kupanda likagoma. Kwenye jimu za kisasa, kama hujafunga klipu za kushikilia sahani za uzito, unainamisha upande mmoja sahani zinadondoka. Zege haling'oki! Ikabidi nilivingirishe juu ya tumbo hadi mapajani ndipo niinuke. Siku tatu nacheka kwa tahadhari. Tulipokuja kulivunja na kulipima kwa muuza chuma chakavu, kopo moja kilo 41, jingine 37. Ndizo rekodi tulizokuwa tunagombea.

Lakini sikuacha kwa sababu ya ajali. Niliacha kwa sababu miezi minane ya Jumamosi hizo sikuongeza hata kilo. Kujipima nguvu na kujenga nguvu ni kazi mbili. Ukinyanyua mara moja kwa kukamia, kazi yenyewe ni sekunde chache, halafu Jumatatu viwiko vinauma na tizi la maana hulifanyi.

Nilipohamia jimu yenye kocha, akanishusha hadi kilo 60, seti tano za mara tano, kila seti nibakize nguvu za kupiga mara mbili zaidi kama akiba. Zikipita zote bila chuma kupunguza mwendo, naongeza kilo 2.5. Niliona aibu, kusema kweli. Nilipofika 80 mara tano akanifundisha hesabu ya kukadiria uzito unaoweza kuupandisha mara moja tu: gawa idadi ya marudio kwa 30, jumlisha 1, zidisha kwa kilo. Inakuja kama 93. Ni makadirio, na marudio yakizidi kumi yanapotoka sana. Nilipojipima kweli, na mtu amesimama upande wa kichwa changu tayari kunisaidia, 95 ilipanda.

Aliyesema hapo juu kwamba Wabulgaria walikuwa wakipakia hivyo kila siku hajakosea. Kocha wao wa kunyanyua vitu vizito, Ivan Abadjiev, aliwapakia karibu na mwisho kila siku, na Naim Süleymanoğlu aliyelelewa katika mfumo huo alinyanyua kilo 190 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, daraja la wenye mwili wa hadi kilo 60. Ila wale walichujwa tangu utotoni, na kunyanyua ndiyo ilikuwa kazi yao. Wewe unatoka kazini saa kumi na moja, unasimama kwenye daladala, ndipo uje jimu.

Kama unajiandaa na mashindano, hiyo nyingine: lazima uzoee mzigo mzito wa mara moja, na hata huo uache kidogo mkononi.

Kwa sasa unapiga kilo ngapi mara tano safi? Weka hapa tukupigie hesabu.