Lebo ya nyama na ng'ombe wa mpakani

SWALI: Nimesoma kuwa Marekani iliwahi kuzozana na Kanada na Meksiko kwa sababu ya lebo za nyama. Kijikaratasi tu kinamzuiaje ng'ombe kuvuka mpaka?

JIBU: Ndugu msomaji, kinachomzuia ni gharama. Ndama huzaliwa Alberta, Kanada, akanenepeshwa na kuchinjwa Nebraska, Marekani. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2013 ilitaka lebo itaje yote matatu: alikozaliwa, alikokuzwa, alikochinjwa. Machinjio yakalazimika kuwatenga ng'ombe wa nje: zizi lao, zamu yao, kumbukumbu zao. Mimi nimewahi kushika daftari la machinjio. Makundi mawili tu yakichanganyika, siku nzima imeharibika! Wanunuzi wengine wakaona heri wawaache, au wawanunue kwa bei ya chini.

Shirika la Biashara Duniani likauita huo ubaguzi, na Desemba 2015 likaruhusu Kanada na Meksiko kulipiza kwa vikwazo vya takriban dola bilioni 1 za Marekani kwa mwaka. Mwezi huohuo Bunge la Marekani likafuta sharti hilo kwa nyama ya ng'ombe na nguruwe. Kondoo, mbuzi na kuku, ambao hawakuwa na ugomvi, wamebaki na lebo zao.