Nukta ya Vim na nukta ya Helix si kitu kimoja

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nipo Sinza, natunza mafaili ya ratiba za mabasi ya mikoani kwa wakala wa tiketi. Nilizoea Vim, kihariri cha maandishi kinachoendeshwa kwa vitufe, sasa nimehamia Helix, kihariri kingine cha aina hiyo, ila kwenye seva bado naikuta Vim. Juzi nilifuta neno kwa w kisha d, nikabonyeza nukta nifute linalofuata. Badala ya kufuta, ikaandika neno nililolichapa kitambo. Ni hitilafu? Nirudieje badiliko bila kuchanganya vidole?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Si hitilafu. Kwenye Vim kitendo hutangulia na eneo hufuata: dw ni amri moja, na nukta huikumbuka nzima. Helix inafuata mtindo wa Kakoune, kihariri kingine, ambako unateua kwanza. Kwa hiyo w imeteua neno, d imefuta kilichoteuliwa. Hizo ni amri mbili zisizojuana. Nukta yake hukumbuka jambo moja tu: namna ulivyoingia mara ya mwisho kwenye hali ya kuandika, pamoja na ulichoandika humo. Kufuta kwa d hakukukuingiza huko, ndiyo maana yakarudi maandishi ya zamani.

Lichukulie kwa uzito. Neno lililojipenyeza kwenye ratiba linaweza kukaa bila kuonekana hadi abiria aende kituo kisicho chake. Likikutokea, bonyeza u papo hapo kulitengua. Na kwa kufuta, achana na nukta kabisa. Rudia w na d.

Kwa kubadilisha, nakushauri zoea moja linalofaa kote. Tuseme faili lako lina mistari ya kabla ya Februari 2021, stendi ya mikoani ilipokuwa bado Ubungo. Unataka isomeke Mbezi Luis, lakini Ubungo ya ruti za daladala ibaki. Ndani ya Helix andika /Ubungo, bonyeza Enter, kisha c (hufuta kilichoteuliwa na kukuingiza kwenye kuandika), andika Mbezi Luis, halafu Esc. Sasa n inakupeleka kwenye Ubungo inayofuata na kuiteua. Ikistahili kubadilishwa, bonyeza nukta. Isipostahili, n tena. Nukta inafanya kazi hapa kwa sababu c ndiyo iliyokuingiza kwenye kuandika.

Kwenye Vim ya seva tofauti ni moja: baada ya kutafuta, badala ya c tumia cgn. Kuanzia hapo ni n na nukta vilevile.

Helix inaweza pia kuteua zote kwa mkupuo: %, kisha s, Ubungo, Enter, c. Ni njia ya haraka mno, na naipenda pale ambapo kila neno lazima libadilike. Kwa ratiba yako siipendekezi, maana utazisomba na za daladala.

Mfuatano mrefu uwekee makro, yaani vibonyezo vilivyorekodiwa ili vichezwe tena, ila hapo kuna mtego kwa mtu wa Vim. Kule q hurekodi na @ hucheza. Helix hurekodi kwa Q kubwa, unaibonyeza tena kumaliza, na q ndogo ndiyo inayocheza. Ukibonyeza q kwa mazoea ukidhani unaanza kurekodi, utakuwa umeichezesha makro ya zamani juu ya faili. Kwa hiyo hifadhi faili kwa :w kabla ya kugusa makro.