Usiisaini barua hiyo

Dada, nimekuelewa: msimamizi wako hukusifu mkiwa wawili, hukukaripia mbele ya wenzako, hukana maagizo aliyoyatoa kwa mdomo, na sasa anakutaka usaini barua ya kuacha kazi isiyo na tarehe, eti kwa usalama wako. Usiisaini.

Bosi mkali si lazima awe mlaghai. Dalili ni pale maelezo yake yanapobadilika kulingana na anayesikiliza. Mimi nilikaa miaka mitatu chini ya mtu wa namna hiyo, na kilichonichelewesha kumtambua ni fadhila zake, kwani aliwahi kunikopesha kodi ya nyumba, kisha akaikumbusha kila nilipokataa jambo, hata baada ya kumlipa. Kilichonisaidia ni kaunta buku: niliandika siku, saa na waliokuwepo, halafu nikamtumia ujumbe wa adabu, "Kama ulivyoagiza asubuhi, nimezuia malipo ya mzigo, nirekebishe iwapo sikukuelewa." Baada ya ujumbe wa tatu aliacha kukana.

Usimkabili kwa hasira, maana hasira yako ndiyo atakayoipeleka kwa wakubwa.

Ukiachishwa kazi hapa Tanzania, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo muone mwanasheria au chama cha wafanyakazi mapema. Na akidai rushwa ya ngono, hilo ni kosa la jinai, nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.