Ganda la Risasi Likirefuka: Pima, Kata, Kisha Jiulize Shaba Imetoka Wapi

Ujumbe umeingia kutoka kwa msomaji aliyeko Texas, mwindaji anayejaza mwenyewe risasi zake za .308 Winchester. Bolti (kifungio cha nyuma ya bunduki) inafunga kwa shida, fataki (vidonge vya kuwashia baruti vilivyo kitakoni mwa ganda) zinatoka zimebapa, na ameshapunguza baruti mara mbili bila nafuu. Maganda yake yamepigwa mara nne. Jibu lilianza kwa swali moja: yana urefu gani yakishapita kwenye kalibu, yaani chombo cha chuma kinacholirudishia ganda umbo lake? Akapima. Mengi yalivuka inchi 2.025, na moja lilifika 2.031. Kikomo cha .308 ni inchi 2.015.

Hili halina mjadala mrefu. Bunduki inapopigwa, presha huibana shaba ya ganda kwenye kuta za chemba, yaani sehemu ya bunduki inamokaa risasi, na kuisukuma mbele kuelekea shingoni. Ukilirudisha ganda kwenye kalibu ili lipate umbo lake, shaba husukumwa tena, kama donge la chapati chini ya kifimbo cha kusukumia: ukibana mwili, linatoka kwa urefu. Mpira wa kupanulia shingo nao unalivuta wakati wa kutoka, hasa kama ndani ya shingo hakuna mafuta. Mwisho wa safari, mdomo wa ganda unafika mahali ambapo chemba inaanza kubana kuingia kwenye mtutu. Hapo mdomo unakunjwa ndani na kukishika kichwa cha risasi. Kichwa hakiachii kwa wakati wake, presha inapanda. Punguza baruti utakavyo, chanzo kiko palepale.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote. Chukua ganda lililotoka kupigwa, kabla ya kulipitisha popote, ujaribu kudumbukiza kichwa kipya cha risasi mdomoni. Kinapaswa kushuka chenyewe. Kikigoma, ama mdomo ulikunjwa kwa sababu ganda ni refu, ama shingo ya chemba ni nyembamba kwa ukuta wa ganda hilo. Usijaze tena hata risasi moja mpaka ujue ni lipi kati ya hayo mawili.

Namba zenyewe ziandike ukutani juu ya meza yako. .223 Remington: kikomo inchi 1.760 (mm 44.70), kata hadi 1.750. .308 Winchester: 2.015 (mm 51.18), kata hadi 2.005. .30-06 Springfield: 2.494 (mm 63.35), kata hadi 2.484. .375 H&H Magnum, ambayo wawindaji wa Tanzania wanaijua vizuri: 2.850 (mm 72.39), kata hadi 2.840. Tofauti ni inchi 0.010, yaani robo ya milimita, na hiyo ndiyo nafasi ya ganda kukua kabla hujalikata tena. Ni kweli chemba nyingi zina nafasi kidogo kupita kikomo, lakini hujui yako ina kiasi gani, kwa hiyo usiitegemee.

Sasa kazi yenyewe. Kosa linaloharibu kazi ya wengi ni kupima mapema. Ganda likisoma 2.012 kabla ya kalibu, mtu anaridhika. Likipita kwenye kalibu linatoka 2.018. Mpangilio ni huu na haugeuzwi: safisha, kagua nyufa, paka mafuta, pitisha kwenye kalibu na utoe fataki ya zamani, futa mafuta yote, ndipo upime. Fataki ya zamani ikiachwa ndani inaweza kuchomoza kidogo kitakoni na kukupa urefu wa uongo. Vernia, kipimio chako cha urefu, iwe imerudishwa sifuri na meno yake yamefutwa. Lizungushe ganda kati ya meno. Kama kipimo kinacheza, mdomo haukukatwa mraba, na namba ya kushika ni ile kubwa.

Vifaa vya kukatia viko vya aina nyingi, lakini swali la maana ni moja: ganda linashikwa wapi? Kifaa cha Lee cha bei nafuu kina kijiti kinachoshuka ndani ya ganda na kupenya tundu la moto (kitundu cha kitakoni kinachopitisha moto wa fataki), ndicho kinachoamua urefu. Ukikizungusha kwa keekee, maganda hamsini ni kazi ya muda mfupi. Hakifai kwa maganda ya Berdan, ambayo matundu yake ya moto yako pembeni, kwa sababu tundu la katikati halipo. Mashine za mkono za mtindo wa kerezo, kama za Forster na RCBS, hulishika ganda kitakoni. Ni imara, ila chenga moja ya shaba ikinasa kwenye kishikio, ganda halikai sawasawa na linatoka fupi au refu kwa kiasi ambacho macho hayaoni. Brashi ndogo iwe karibu na mkono. L.E. Wilson hulishika ganda kwa mwili wake ndani ya bomba, na kwa kukata mdomo mraba ni vigumu kuishinda. Halafu kuna zile zinazoegemea bega la ganda, yaani mteremko kati ya mwili na shingo, kama Giraud. Zina kasi kubwa, lakini zinapima kutoka begani, kwa hiyo mabega yakitofautiana, na urefu utatofautiana. Mtu anayetumia kalibu ovyo asinunue mashine ya aina hiyo.

Kuweka mashine, tumia ganda bovu la aina hiyohiyo. Anza na urefu mkubwa kuliko unaoutaka, kata, pima, sogeza kidogo, kata tena, mpaka ufike 2.005, kisha kaza kufuli. Kijiti cha kuongozea kiwe cha kipenyo cha bunduki yako na kipakwe tone la mafuta, la sivyo shaba itakiganda na kukwaruza shingo kwa ndani. Zungusha kuelekea upande mmoja tu, kwa mkono mwepesi. Chenga zikikoma kutoka, umefika. Ukihisi kisu kinarukaruka na mdomo unatoka na mawimbi, ama unasukuma kwa nguvu mno ama kisu kimekwisha makali. Pima tena kila baada ya maganda kumi. Kufuli hulegea bila kukuambia.

Ganda likitoka fupi kidogo chini ya kipimo usilitupe. Ufupi mdogo si hatari, ingawa masizi hujikusanya kwenye sehemu ya chemba iliyobaki wazi, na siku ukiingiza ganda refu zaidi litakutana na pete hiyo ngumu. Panapohitaji usawa wa kweli ni pale unapobana mdomo kwenye mfereji wa kichwa cha risasi, kama kwa .30-30 ya magazini ya bomba au .375 yenye teke kubwa. Kalibu ya kubania imewekwa kwa urefu mmoja. Ganda refu linabanwa kupita kiasi, bega linavimba, na risasi haiingii chemba. Ganda fupi halibanwi kabisa.

Baada ya kukata, mdomo una vijino ndani na nje. Viondoe kwa chombo cha kuchongea kingo, mzunguko mmoja au miwili kila upande. Ndani inatosha mteremko mdogo wa kukiingiza kichwa bila kukikwangua. Wengine huendelea mpaka mdomo unakuwa mwembamba kama wembe na kujisifu kwa jinsi unavyong'aa. Mdomo wa namna hiyo unapasuka mapema. Maliza kwa kupuliza au kuosha chenga zote. Chenga iliyobaki ikiingia kwenye kalibu, itachora kila ganda litakalofuata.

Lakini kukata si dawa, na hapa ndipo wajazaji wengi wanapojidanganya. Shaba iliyorefuka shingoni haikushuka kutoka mbinguni. Imetoka kwenye mwili wa ganda, na sehemu inayolipa zaidi ni ukuta ulio juu kidogo ya kitako. Ganda linalohitaji kukatwa kila baada ya kupigwa linakwambia kwamba kalibu yako inalisukuma bega nyuma kupita kiasi. Kwa bunduki ya bolti, rudisha bega kama inchi 0.002 tu, mm 0.05. Usikaze kalibu mpaka iguse kishikio cha ganda kisha ukaongeza robo mzunguko kwa sababu karatasi ya maelezo imesema hivyo. Hiyo inahakikisha risasi inaingia kila bunduki ya dunia, na wewe una moja.

.303 British ndiyo mwalimu mkali wa somo hili. Bolti ya Lee-Enfield hufunga kwa nyuma, chemba zake nyingi ni pana, na ganda hukaa kwa ukingo wa kitako, wala si kwa bega. Ukilirudisha bega mpaka mwisho kila mara, ganda halikai muda mrefu kabla ya kukatika vipande viwili, kitako kinatoka na mwili unabaki chembani. Magnum zenye mkanda, yaani pete nene ya shaba juu ya kitako, kama .375 H&H, zina tabia hiyohiyo.

Kujua kama ukuta wa juu ya kitako umekonda, chukua waya mwembamba au kibanio cha karatasi, kinyooshe, kunja ncha yake nyuzi tisini na uichonge kwa tupa. Ishushe ndani ya ganda mpaka chini, kisha ivute polepole huku ncha ikikwangua ukuta. Ukisikia inadumbukia kwenye mfereji juu kidogo ya kitako, ganda hilo limekwisha hata kama kwa nje linameremeta. Pete angavu inayozunguka ganda kwa nje mahali hapohapo ni dalili ileile iliyochelewa kuonekana. Weka alama kwenye boksi kila ukikata, na yakikatwa mara tatu au nne, kagua kila ganda kwa waya, moja moja. Yaliyofeli yabane mdomo kwa koleo kabla ya kuyatupa kwenye ndoo ya chuma chakavu, yasije yakarudi mezani.