Galari hazikujibu? Nenda ukumbi wa mtaa

Kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia juzi, yupo Birmingham, anachora vizuri tu, anauliza dada mi natokaje kisanaa huku, galari zote (nyumba za maonyesho ya picha) kimya. Najua wengi mnaosoma hapa mnataka hichohicho kwaiyo najibu kwa wote.

Mwangalieni mchoraji Josef Herman. Mpolandi, mtoto wa fundi viatu wa Warsaw, kazaliwa 1911. 1938 kahamia Brussels, Wajerumani wakavamia, akakimbia mpaka akaibukia Glasgow 1940. Miaka miwili baadae anapata habari kutoka Msalaba Mwekundu kwamba ndugu zake wote kule Warsaw wameuawa. Mtu na msiba huo, 1944 akaenda Ystradgynlais, kijiji cha wachimba makaa ya mawe Wales, matembezi tu, akakaa miaka 11! Alikaa na wale wachimbaji, akawachora wakitoka mgodini wamechoka hoi, wakamwita Joe Bach, yaani Joe mdogo kwa Kiwelisi, mtu wao. 1951 kwenye Festival of Britain, yale maonyesho makubwa ya taifa la Uingereza, nani alipewa kazi ya kuchora wachimbaji? Yeye. Paneli 6, leo zipo galari ya Glynn Vivian pale Swansea, Wales, nendeni mkaone. Na alikuwa anakusanya vinyago vya Afrika, vile vidogovidogo (sebuleni kwenu kipo hata kimoja?).

Sasa mimi. Nilipofika Cardiff, hukohuko Wales, galari moja wakanambia picha nzuri ila tuletee twiga. Twiga! Mtu wa Tanga mjini mi twiga namjulia wapi? Mpaka leo inaniuma, siwadanganyi. Nikaanza kwenda ukumbi wa mtaa Jumamosi, kina mama wa Kisomali, wazee wa Kiwelisi, chai na biskuti, nachora nyuso zao na wao wanashika brashi. Mengine hapo katikati nayaruka. Mwezi uliopita ukuta wa ukumbi ule nimechora mimi, na wale wa twiga walikuja siku ya ufunguzi wanapiga picha, nikawapa mkono nikapita zangu.

Kwaiyo mdogo wangu, nenda kwa watu. Ukishaenda nenda tena. Unalalamika hawakujui, we unawajua? Jirani yako anaitwa nani? Acha kujifungia chumbani unachora mibuyu na machweo, kaa na watu!

Ila bure usifanye. Arts Council England, shirika la umma linalofadhili sanaa huko England, wana ruzuku za miradi, omba, na rangi, nauli na masaa yako yote uyaweke kwenye bajeti, maana wakubwa wa kumbi hizi wakizoea cha bure hawaachi.