Usiwaulize Kama Wameipenda

Ukipeleka hadithi kwenye kikundi cha waandishi ukauliza, "Mnaionaje?", utaambiwa nzuri, hongera, endelea kuandika. Wenzako si wanafiki. Swali lenyewe halimwachii mtu mstaarabu jibu jingine.

Mimi naomba jambo moja tu: kila mtu apige mstari pembeni pale alipochoka, alipopotea, au alipolazimika kurudi nyuma kusoma tena. Sababu na dawa zitakuja baadaye. Nakala nazigawa siku chache kabla, kurasa tano au sita. Kusoma kwa sauti palepale kuna raha yake, ila sauti nzuri hufunika sentensi mbovu. Ukitaka isomwe kwa sauti, mpe mwenzako asome, wewe usikilize anapojikwaa.

Nina hadithi fupi ya dada wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao. Wasomaji watatu walipiga mstari kwenye mazungumzo yaleyale ya jikoni. Wa kwanza akasema ni marefu, nikate. Wa pili akasema ni mafupi mno. Wa tatu alimchukia tu dada mkubwa. Kuwatii wote kusingewezekana, na kuwapuuza wote ingekuwa ujeuri. Nilipoitazama sehemu ile, nikakuta kauli nane zinafuatana bila jina la msemaji, na dada wote wawili wanaongea kwa namna moja. Msomaji hakujua nani kasema "Nyumba siuzi." Nikaongeza jina mara mbili, na yule mdogo nikampa tabia ya kujibu swali kwa swali. Sikugusa kingine, na malalamiko yote matatu yakaisha. Mimi huwaamini sana wasomaji wanaponionyesha mahali penye tatizo. Kwenye dawa, kila mmoja anaanza kuandika hadithi yake mwenyewe.

Ile kanuni ya mwandishi kunyamaza kazi yake ikijadiliwa, ambayo wengi huihusisha na warsha ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanzishwa 1936, siku hizi ina wapinzani. Wanasema inamziba mdomo mtu ambaye tayari hasikilizwi, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, mwanzoni mwa mjadala bado naifuata. Ukishaanza "nilimaanisha kwamba…", umewapa wenzako maelezo ambayo msomaji mwingine hatayapata, na hutajua tena kama maandishi yanajitosheleza. Wakimaliza, uliza, hata bisha kidogo.

Zamu yako ya kutoa maoni ikifika, taja mahali. "Ukurasa wa tatu nilidhani bado ni usiku" humsaidia mtu kuliko "wakati haueleweki." Makosa ya tahajia yaandike kwenye nakala yake, usiyasome mbele ya watu.

Na kuna yule anayetaka kila hadithi iishe kwa harusi. Hakuna kikundi kisicho naye. Mshukuru, uendelee.

Usisahihishe usiku uleule. Alama zote zihamishie kwenye nakala moja, kila msomaji na rangi yake, kisha anzia palipojaa rangi. Palipo na mstari wa mtu mmoja, amua mwenyewe. Mara nyingi mimi hupaacha palivyo.