Shule ya kuchora, kufuma na kuimba: mtoto atajua kusoma lini?

Mleta mada, umeuliza kama umhamishe mwanao wa miaka sita kutoka shule ya mfumo wa Waldorf, ule unaofundisha kupitia hadithi, sanaa na kazi za mikono, kwa kuwa kila siku anarudi na michoro na nyimbo huku binamu yake wa umri huohuo akisoma vitabu. Nimefundisha madarasa ya chini ya mfumo huo, na kabla ya hapo shule ya kawaida, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Shule yenyewe haijazembea. Tangu shule ya kwanza ya Rudolf Steiner, mwanzilishi wa mfumo huu, ifunguliwe Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, herufi husubiri mpaka mtoto akaribie miaka saba. Steiner aliona kung'oka kwa meno ya utoto ndiyo dalili kwamba yuko tayari. Hilo la meno mimi silinunui, ila kuchelewa kwenyewe hakunitishi. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa 2013 uliwalinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma na miaka mitano na walioanza na saba, na kufikia miaka 11 hivi waliochelewa walikuwa wamewafikia wenzao.

Cha kuangalia ni kama sanaa inabeba somo au ni pambo tu. Chukua herufi M. Siku ya kwanza mwalimu anasimulia hadithi ya msafiri aliyevuka mlima wenye vilele viwili, basi. Kesho yake watoto ndio wanaosimulia, naye anachora mlima ubaoni kwa chaki za rangi, nao wanauchora kwa krayoni za nta kwenye daftari kubwa lisilo na mistari. Ndipo anakoleza kingo za vilele na M inajitokeza. Wanaitembea sakafuni, panda, shuka, panda, shuka, midomo imefumbwa, "mmmm". Mtoto aliyeipata M hivyo sijawahi kumwona akiichanganya na N.

Kwenye hesabu, badala ya kuuliza 7 na 5 ni ngapi, unamwaga kokoto 12 na kuuliza: 12 ni nini na nini? Majibu ni mengi, na hata yule mzito ana la kusema. Kufuma nako watu wanakudharau bure. Wanaanza kwa kulainisha vijiti vyao wenyewe kwa msasa, kisha wanahesabu vitanzi kila mstari. Kitambaa kikianza kutanuka upande mmoja, mtoto anaona mwenyewe kwamba kitanzi kimezidi, anafumua.

Sasa upande wa pili. Zipo shule zinazojiita za sanaa, ukiingia darasani watoto wote wanapaka rangi kipepeo kilekile kilichochapwa. Hizo kimbia. Hata Waldorf halisi michoro hufanana mno, kwa sababu wanafuata ubao wa mwalimu. Ukitaka mtoto achunguze na kuchora cha kwake, shule zinazofuata njia ya mwalimu Loris Malaguzzi wa mji wa Reggio Emilia, Italia, zinamfaa zaidi.

Kinachonikera kuliko vyote ni neno "subiri" kutumika kufunika tatizo. Mtoto wa miaka sita asiyejua herufi ni wa kawaida. Ila ajue kupiga makofi kwa kila silabi ya jina lake, asikie kwamba "paka" na "pasi" zinaanza sawa, na asimulie hadithi bila kuruka katikati. Mjaribu nyumbani wiki hii. Akishindwa yote hayo, atafutiwe mtaalamu mapema, awe shule yoyote ile.

Kisha nenda kwa mwalimu wake, omba kuona madaftari ya darasa la kwanza na la pili, na muulize mambo mawili: mwaka ujao herufi zitaanza lini na kwa mpangilio gani, na anamtambuaje mtoto anayekwama. Akikujibu kwa mifano ya darasani kwake, mwache mtoto hapo. Akikuambia kila mtoto ana wakati wake na kuishia hapo, tafuta shule nyingine.